Faini ya mwendo kasi kwenye barabara inayojengwa: mwongozo wa dereva wa Nyanda za Juu Kusini

Dereva anayeandikiwa faini kwenye eneo la ujenzi mara nyingi hakujiona kama anakimbia. Ametoka kwenye lami nzuri na 80, ameshusha mpaka 60, gari analiona kama linatambaa, kumbe kibao alichokipita kilikuwa cha 30. Faini hii hukwepwa mita mia tatu au nne kabla ya kumfikia trafiki, pale unapokiona kibao cha kwanza na kuinua mguu.

Kwa wanaotumia barabara kuu ya TANZAM, hili ni jambo la kila siku. Jijini Mbeya, mradi wa njia nne wa Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, unakatiza katikati ya watu: Uyole, Sae, Mafiati, Kabwe, Nzovwe, Iyunga, Mbalizi. Barabara ya namna hiyo haina sura moja. Leo magari yanapita kushoto, wiki ijayo yamehamishiwa kulia, na pale ulipopita jana jioni kumechimbwa mtaro. Dereva mwenyeji ndiye anayenaswa kirahisi, maana anaendesha kwa kumbukumbu.

Mwendo unaoruhusiwa

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka mambo mawili ambayo kila dereva anapaswa kuyajua. Kwenye makazi ya watu, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Gari la biashara au la abiria lenye uzito unaozidi kilo 3,500 mwisho wake ni 80, hata kama barabara iko wazi na hakuna nyumba hata moja. Gari dogo nje ya makazi lifuate kibao kilichopo.

Kibao cha muda cha mkandarasi kinashusha viwango hivyo. Kikiwekwa cha 30 katikati ya eneo la 50, unatakiwa kwenda 30. Kikiwekwa cha 50 mahali ulipokwishazoea kwenda 80, ni 50. Kibao kikubwa cha kudumu cha nyuma hakikupi ruhusa ya kukipuuza kidogo cha muda kilicho mbele.

Wengi hujitetea kwamba ilikuwa Jumapili na hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Utetezi huo ni dhaifu. Kibao kikiwa kimesimama kinatenda kazi, na sababu yake ipo: mtaro hauendi mapumziko, kingo za lami zimekatwa, kokoto zimetapakaa, na watoto wanavuka mahali ambapo kivuko kimeondolewa. Kama kweli kibao kimesahaulika baada ya kazi kwisha, nenda kwa mwendo wake, kisha kitolee taarifa kwa utaratibu ulioelezwa mbele.

Kulisoma eneo la ujenzi

Eneo lililopangwa vizuri lina mpangilio unaotabirika. Kwanza unakutana na kibao cha tahadhari chenye picha ya mtu na koleo, mara nyingi ubao wake ukiwa wa njano. Halafu vibao vya mwendo vinashuka kwa ngazi, kwa mfano 80, 60, 40, 30. Kisha alama za njia kufinywa au mshale wa diversheni, halafu koni au mapipa, mshika bendera, eneo lenyewe la kazi, na mwishoni kibao cha kumaliza kikomo.

Kwa bahati mbaya maeneo mengi hayako hivyo. Ngazi za katikati zinakosekana, kibao kimegongwa na lori kimelala kwenye nyasi, au vumbi limekifunika mpaka namba haisomeki. Usingoje namba basi. Ukiona chochote kati ya hivi, jihesabu umeshaingia eneo la ujenzi: rundo la kifusi pembeni, boza la maji likimwagilia, greda au shindilia, matuta mapya ya udongo, matawi ya miti yaliyotandazwa njiani, au lami iliyokwanguliwa ikaacha mistari. Hapo shuka mpaka 50 kwanza, kisha tafuta kibao.

Mshika bendera anastahili heshima ya taa nyekundu. Nyekundu, simama kabisa nyuma ya gari la mbele na uache nafasi ya kuona matairi yake yanapogusa barabara. Kijani, pita polepole. Kosa linaloleta ajali mahali hapa ni la wale wa nyuma ya foleni wanaotanua kwenda kusimama mbele, kwa sababu wanaziba njia ambayo magari ya upande wa pili yameshafunguliwa.

Kuhusu mwisho wa eneo, usijitolee uamuzi kwa kuwa umeiona lami nzuri. Mkandarasi huweza kuwa na vipande vitatu vya kazi ndani ya kilomita kumi, na katikati ya vipande hivyo lami ni ya kawaida. Subiri kibao cha kumaliza, au kibao kipya chenye namba nyingine.

Kushusha mwendo kwa ngazi

Ukiwa na 80, gari linakula takriban mita 22 kila sekunde. Ukiwa na 50 ni mita 14, na 30 ni mita 8. Chukua dereva aliye macho anayehitaji sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki, na gari lenye breki nzima. Umbali wote wa kusimama unakuwa hivi, kwa makadirio:

- Mwendo 80: mita 68 kwenye lami kavu, mita 104 kwenye kokoto.
- Mwendo 50: mita 35 kwenye lami kavu, mita 49 kwenye kokoto.
- Mwendo 30: mita 17 kwenye lami kavu, mita 22 kwenye kokoto.

Lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya hapo. Namba ya kuangalia ni ile 104. Ni karibu sawa na urefu wa uwanja wa mpira, na mfanyakazi aliyeinama kupima usawa wa barabara hatakusikia ukija, kwa kuwa shindilia inanguruma pembeni yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukiona kibao cha tahadhari, inua mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, tazama kioo cha nyuma. Kama kuna lori au basi limekukaribia, gusa breki mara mbili tatu kwa wepesi ili taa zako zimwamshe dereva wake. Punguza gia moja. Ukikifikia kibao chenye namba uwe tayari umeshafika kwenye namba hiyo, kwa sababu kikomo kinaanzia kwenye nguzo ya kibao, na tochi, yaani kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, inaweza kukupiga mita ishirini tu baada yake. Breki nzito imalizie juu ya lami. Ukiingia kwenye changarawe ukiwa bado unakanyaga, matairi ya mbele yanateleza na usukani haufuati mkono.

Ndani ya eneo, usiovateki. Gari la mbele likitimua vumbi, mwachie nafasi mpaka umwone, washa taa za kawaida na si full, maana mwanga mkali hurudi machoni mwako kutoka kwenye vumbi.

Na kama haraka ndiyo inayokusumbua, piga hesabu. Kipande cha kilomita tano kwa mwendo wa 50 kinakuchukua dakika sita. Kwa mwendo wa 80 ni dakika tatu na sekunde 45. Umeokoa dakika mbili na robo. Ukisimamishwa, kutoa leseni peke yake kunamaliza muda huo.

Milima

Milima ndiyo tofauti ya ukanda wetu na barabara ya Dodoma au Shinyanga. Kitonga ukitoka Ilula kushuka Ruaha Mbuyuni, Inyala ukitoka Uyole kuelekea Igurusi, Iwambi ukishuka Mbalizi: kote huko gari linaongeza mwendo lenyewe hata mguu ukiwa hewani. Kazi ikiwa inaendelea kwenye mteremko, dereva anayetegemea breki peke yake atafika kwenye foleni akiwa na breki zilizochemka.

Chagua gia kabla ya kuanza kushuka, ukiwa bado juu. Kanuni ya wazee wa barabara inafaa: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, au moja chini yake. Lori na basi zitumie breki ya injini. Breki ya mguu ikanyage kwa nguvu kidogo ya kutosha kushusha mwendo chini ya kikomo, kwa mfano kutoka 30 mpaka 25, kisha iachie ipoe, gari lipande tena taratibu, urudie. Ukiweka mguu juu ya breki mfululizo kwa kilomita mbili, joto linaongezeka bila kupata nafasi ya kutoka, brekishuu zinapoteza mshiko na harufu ya kuungua unaisikia ukiwa umechelewa. Gia ikishachomoka katikati ya mteremko, kuirudisha chini kwa lori lenye mzigo ni karibu haiwezekani.

Gari la otomatiki nalo lina namba za chini, 2 au L, au alama ya kutoa. Zimewekwa kwa ajili ya mahali kama Kitonga.

Mvua za Novemba mpaka Aprili hugeuza diversheni ya udongo kuwa sabuni; hapo hata 30 ni nyingi. Ukungu wa Mafinga, Makambako na Njombe nao unataka mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Usiku, tafuta rifleketa za koni, na usiamini kwamba zipo zote.

Spidomita yako inasema kweli?

Watengenezaji hupanga spidomita ionyeshe sawa na mwendo halisi au zaidi kidogo, kwa hiyo gari likiwa na matairi yake ya asili uko upande salama. Tatizo huja ukibadili matairi. Pikapu iliyofungwa matairi yenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5 ikionyesha 50 inaweza kuwa inakwenda 52 au zaidi. Ilinganishe na mwendo unaoonyeshwa na simu yenye GPS, kwenye lami iliyonyooka, kwa mwendo usiobadilika kwa dakika moja, na aliyeshika simu awe abiria.

Tochi inavyopima

Tochi ya leza hutuma miale mingi mifupi ikagonga gari na kurudi, ikapima umbali unavyopungua, kisha ikakokotoa mwendo kwa chini ya sekunde moja. Inaweza kukupima ukiwa mita mia kadhaa mbali, kabla hujaona sare nyeupe. Kufunga breki ukimwona trafiki hakusaidii kitu, na kwenye eneo la ujenzi breki hiyo ya ghafla humletea bodaboda wa nyuma msiba.

Kuna hoja mbili zinazozunguka vijiweni. Ya kwanza, kwamba tochi ikipigwa kwa pembeni inazidisha mwendo. Ni kinyume chake: pembe kati ya tochi na mwelekeo wa gari hufanya namba isomeke ndogo kuliko mwendo halisi. Ya pili ina uzito: mwale wa leza hutanuka kadiri umbali unavyoongezeka, kiasi kwamba kwa mita 300 una upana wa karibu mita moja. Magari mawili yakiwa bega kwa bega au yamefuatana karibu mno, ni halali kuuliza ni lipi lililopimwa. Ndiyo maana picha inayopigwa na tochi inahitaji kuangaliwa.

Ukisimamishwa

Washa indiketa, simama pembeni mahali ulipoelekezwa, mbali na mitambo. Zima injini, vuta hendibreki, shusha kioo, mikono ionekane. Msalimie: "Habari za kazi, afande." Toa leseni ukiombwa. Sauti ya utulivu ina faida, kwani hujajua bado kama kosa lipo au halipo.

Kisha omba: "Afande, naomba kuiona picha." Ukioneshwa, usikimbilie namba ya mwendo. Angalia mambo haya kwa mfuatano: namba ya gari ni yako? Tarehe na saa ni za leo, muda huu? Kikomo kilichowekwa kwenye kifaa ni kipi, 30, 50 au 80? Mwendo uliosomwa ni upi? Gari lilikuwa wapi, lilikuwa limeshakipita kibao au bado? Swali la mwisho ndilo lenye maana zaidi kwenye barabara inayojengwa, maana kibao cha muda huhamishwa, na gari lililopimwa kabla ya kukifikia halijavunja kikomo cha kibao hicho.

Ukiridhika kwamba ulizidisha, kubali, uandikiwe, uende. Kiwango ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Bodaboda na bajaji walishushiwa hadi 10,000 kuanzia bajeti ya 2021/22. Kila kosa huhesabiwa peke yake, hivyo mwendo pamoja na mkanda ambao hukufunga ni 60,000.

Usitoe hela mkononi. Mpokeaji na mtoaji wote wanaingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329. Ukidaiwa fedha bila kuandikiwa, soma jina na namba kwenye sare, kumbuka mahali na saa, ukiwa umeshaondoka piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Kulipa

Ukiandikiwa unapewa namba ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99. Kwa M-Pesa piga *150*00#, ingia sehemu ya malipo ya serikali, weka namba hiyo. Mitandao mingine na benki wana sehemu hiyo hiyo. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mlipwaji na kiasi. Ujumbe wa uthibitisho uutunze, piga picha ya skrini, kwa kuwa simu hupotea.

Lipa ndani ya siku saba. Ukichelewa faini inaongezewa tozo, na deni linabaki kwenye mfumo wa polisi likingoja gari lisimamishwe tena. Deni la gari lolote unaweza kulikagua mwenyewe kwenye tovuti ya tms.tpf.go.tz kwa namba ya gari, ya leseni au ya kumbukumbu. Fanya hivyo hasa kabla ya kununua gari la mkononi. Na baada ya kulipa ingia tena uone kama limefutika. Kama bado lipo siku mbili tatu baadaye, nenda ofisi ya trafiki ya mkoa na uthibitisho wako.

Ukiona umeonewa

Una haki ya kutokubali kosa na kutaka lipelekwe mahakamani. Ni njia yenye gharama ya muda, na mahakama haifungwi na kiwango cha papo kwa papo, kwa hiyo itumie ukiwa na ushahidi. Kwa kibao kilichokosekana, ushahidi huo unauokota siku ile ile, kwani kesho mkandarasi atakuwa amekirudisha.

Egesha salama, tembea nyuma pembeni kabisa mwa barabara, piga picha tatu: moja kutoka usawa wa macho ya dereva ikionyesha njia yote ilivyo, moja ya mahali kibao kilipotakiwa kuwa au kilipolala, na moja ya nguzo ya kilomita iliyo karibu. Washa tarehe, saa na eneo kwenye kamera ya simu. Kama una kamera ya dashibodi, hifadhi kipande hicho kabla hakijafutwa na cha baadaye. Omba namba ya simu ya abiria au dereva mwingine aliyepita hapo.

Kabla ya kufika mahakamani, peleka picha zako kwa mkuu wa trafiki wa wilaya au mkoa. Kosa la wazi, kama namba ya gari iliyokosewa, humalizika hapo hapo mezani. Sema kwa kifupi: "Mkuu, niliandikiwa jana saa nne asubuhi, eneo fulani, kikomo 30. Kibao cha 30 kilikuwa kimelala chini, picha hii hapa." Picha iliyopigwa dakika kumi baada ya kuandikiwa ina nguvu kuliko maelezo marefu.

Kibao kilichoanguka, nani aambiwe

Kila mradi una bango kubwa linaloonyesha mwajiri, mkandarasi na mhandisi msimamizi. Kwenye barabara kuu mwajiri ni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, na ofisi ya meneja wa mkoa ipo Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Toa taarifa ukiwa na jina la barabara, upande unaoelekea, nguzo ya kilomita na picha. Kama hali ni ya hatari sasa hivi, kwa mfano mtaro uko wazi bila koni na giza linaingia, mwambie mshika bendera au msimamizi wa kwanza utakayemkuta, halafu polisi 112. Kusubiri ofisi ifunguliwe ni kumwachia mtu mwingine atumbukie.

Mabasi na malori

Basi lenye kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, linaonekana hata pasipo trafiki, na kitufe cha utambuzi kinaonyesha nani alikuwa kwenye usukani. Angalia jambo moja: kifaa hicho kimelenga kikomo cha 80, hivyo hakitapiga kelele ukipita 55 kwenye kibao cha 30. Konda au utingo apewe kazi ya kusoma vibao kwa sauti katika vipande vya ujenzi. Mmiliki naye aongeze muda wa safari kwenye ratiba wakati mradi unaendelea: dereva aliyepangiwa kufika Mbeya kwa muda wa zamani, huku barabara ikiwa na diversheni nne, ameshapangiwa kuvunja sheria kabla hajawasha injini, na faini hiyo si haki kumkata yeye peke yake kwenye posho.